Wateja wapo, nauli hakuna: uchambuzi wa kisa cha mkandaji kijana Dar es Salaam

Binti wa kisa hiki alikuwa na miaka 22 alipoacha kazi kwenye saluni moja ya Sinza na kuanza kujitegemea kwa masaji na urembo wa majumbani. Jina lake silitaji, na baadhi ya mambo yake nimeyachanganya na ya wenzake wa kazi hiyohiyo ili asitambulike. Bei na hesabu zichukuliwe kuwa za kisa hiki, si za jiji zima.

Alikuja kuomba ushauri kuhusu fremu, yaani chumba cha biashara cha kupanga. Dalali alikuwa amemtafutia moja Tabata, barabarani kabisa, na zamu yake ya upatu ilikuwa imefika: shilingi 1,400,000 taslimu. Alitaka kujua kama aichukue. Katika maongezi likatoka jambo jingine ambalo yeye aliliona dogo: kila ikifika tarehe ishirini na kitu alikuwa anakopa nauli kwa shoga yake. Mtu mwenye wateja thelathini kwa mwezi, anayetoza elfu arobaini kwa saa, anakopaje nauli? Tukaliweka la fremu kando kwanza, tukafungua daftari.

Alikotokea

Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka mbele, akachukuliwa na mama yake mdogo mwenye saluni. Alianza kama wanavyoanza wengi: kufagia nywele, kuosha vichwa, kuanika taulo. Baadaye akapewa kucha, kisha waksi. Masaji alifundishwa na dada mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye hoteli za Zanzibar, mwanamke mkali aliyekuwa akimpiga kofi la mkono kila akibonyeza kwa kidole gumba badala ya kuegemea kwa uzito wa mwili. Makofi hayo tutayarudia, maana yalikuwa na sababu.

Cheti alikuwa hana. Alikipata baadaye kupitia utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, anaongezewa pale alipopungua, anatambuliwa. Wateja wake hawajawahi kukiulizia. Aliyekiulizia ni baba yake, ambaye mpaka hapo alikuwa akisema mwanawe anafanya kazi ya "kushikashika watu". Cheti kilipotundikwa sebuleni, maneno yakapungua. Kwa binti anayeishi karibu na kwao hilo si jambo la mapambo. Nimeona wasichana wenye mikono mizuri kuliko yeye wakiacha kazi kwa sababu ya maneno ya meza ya chakula ya nyumbani tu.

Saluni ya Sinza ilikuwa ya asilimia. Mteja wa masaji analipa 35,000. Mwenye saluni anachukua sitini kwa mia, mkandaji arobaini, yaani 14,000. Mafuta, taulo, umeme na maji ni vya bosi. Kila akipokea 14,000 yake aliziona zile 21,000 zinavyokwenda droo, na moyo ukawa unamuuma. Hasira hiyo ndiyo imezaa biashara nyingi za vijana mjini, na ina haki nusu. Nusu nyingine iko kwenye vitu ambavyo mfanyakazi wa asilimia havioni kwa sababu havilipii.

Akanunua kitanda cha kukunja kwa 480,000, shuka nane, taulo, ndoo ya mafuta ya nazi na kichemshio cha waksi. Akaweka tangazo kwenye status: masaji nyumbani kwako, saa moja 40,000, usafiri juu yetu. Na ofa ya kufungua, nusu bei.

Daftari

Bahati nzuri alikuwa mtu wa kuandika. Daftari la shule, mistari ya bluu, tarehe, eneo la mteja, kiasi. Hakuandika matumizi, ila ya usafiri tulikusanya kwenye simu, kwa sababu madereva alikuwa akiwalipa kwa mtandao.

Mwezi tuliouchagua ulikuwa na wateja 31. Wateja 22 walilipa bei kamili, 9 walikuwa wa ofa. Mauzo yakawa 1,060,000. Yeye hii namba alikuwa anaijua kwa kichwa, na ndiyo iliyompa ujasiri wa kuongea na dalali.

Sasa safari. Kitanda hakipandi daladala saa ya asubuhi, na bodaboda nacho ni hatari, kinapepea kama bawa. Kwa hiyo ni bajaji. Kutoka Tabata kwenda Masaki, Mikocheni au Mbezi na kurudi, wastani wake ulikuwa 14,000 kwa mteja. Mara 31, ni 434,000. Mafuta, sabuni ya kufulia, pamba na vitambaa vya kutupa tukakadiria 3,000 kwa mteja, jumla 93,000. Mara mbili alifika mlangoni akaambiwa "dada, nimepata dharura, tufanye kesho". Hizo ni 28,000 zilizokwenda na vumbi. Bando na kulipia tangazo Instagram, 45,000. Baada ya yote kilichobaki ni 460,000.

Hapo bado hajala. Chumba 80,000, chakula 250,000, nyumbani anatuma 60,000. Zinabaki 70,000, na mchezo wa upatu unadai 100,000 kila mwezi. Upungufu ni 30,000, na hiyo ndiyo nauli aliyokuwa anaikopa.

Tukalinganisha na mwezi wake wa mwisho Sinza. Alikanda wateja 50 hivi kwa 14,000, ni 700,000. Nauli ya daladala ilikula 31,200. Alikuwa anarudi na kama 669,000, bila ya kununua hata tone la mafuta.

Alikaa kimya muda mrefu kwenye hesabu hiyo, kisha akauliza swali zuri: kama bosi anachukua sitini, na mimi sasa nachukua mia, hizo hela zimekwenda wapi? Zimekwenda barabarani. Mteja mmoja wa Masaki alikuwa anamla zaidi ya saa tatu: saa moja ya kukanda, saa moja na nusu ya foleni kwenda na kurudi, nusu saa ya kutandika na kukunja, halafu kufua. Saa moja ndiyo iliyolipwa. Pale saluni, mteja ndiye aliyekuwa anakaa kwenye foleni kumfuata yeye, na zile asilimia sitini zilikuwa zikimlipia hilo.

Kuhusu ofa sina maneno mengi. Wale tisa wa nusu bei, wawili tu walirudi, na wote wawili walianza kwa kusema "si ile bei ya juzi?" Masaji si soda mpya sokoni kwamba watu waonje. Anayetafuta masaji ya 20,000 ataendelea kutafuta masaji ya 20,000, na haki yake.

Fremu na pesa za upatu

Fremu ya dalali ilikuwa 250,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, ni 1,500,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 250,000. Kuweka kizigeu cha mbao, pazia zito, kichemshia maji na rangi, fundi alimtajia 700,000. Halafu kuna jambo ambalo dalali hakulisema, na madalali huwa hawalisemi: mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi ya pango aipeleke TRA, mamlaka ya mapato, kama kodi ya zuio ya mwenye nyumba. Kwa sheria ni pesa ya mwenye nyumba. Kwa uhalisia mwenye nyumba anakwambia "mimi nataka yangu kamili", na mpangaji anaibeba. Hapo ni 150,000 nyingine. Jumla 2,600,000.

Yeye alikuwa na 1,400,000, na shoga yake alikuwa ameshampa namba ya wale wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ili amalizie.

Lakini je, alikuwa na 1,400,000 kweli? Upatu wao ulikuwa wa watu 14, laki moja kila mwezi, na zamu yake ilikuwa ya sita. Maana yake ametoa 600,000 na bado anadaiwa michango minane, 800,000. Anayepokea upatu mapema amekopeshwa na wenzake, bila riba, ila kwa aibu kubwa akishindwa. Akiba yake halisi ilikuwa 600,000. Kama angeingia kwenye fremu angekuwa anadaiwa na watu wa upatu, na kausha damu, na baada ya miezi sita na mwenye nyumba tena, wote wakitazama mikono ileile miwili.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba, na watu wengi walimshauri aikimbilie. Tatizo ni kwamba kwa wanawake na vijana inatolewa kwa kikundi, kuanzia watu watano. Mkandaji anayejiajiri ni mmoja. Alishaombwa aingizwe kwenye kikundi ambacho wanne wengine alikuwa hawajui hata sura. Nilimwambia akatae, na kwa hilo sikuwa na mashaka: kwenye kikundi cha namna hiyo, asiyetoroka ndiye anayelipa.

Fremu ikaachwa. Dalali alikasirika, akasema atajuta. Huenda siku moja fremu itamfaa. Ila fremu inadai kodi hata siku ambayo umelala na homa, na yeye hakuwa na mwezi hata mmoja wa kuugua bila kukopa.

Kidole gumba

Kuna jambo lililokuwa limejificha kwenye daftari. Jumamosi moja alikuwa ameandika wateja sita. Jumapili hakuna kitu, Jumatatu hakuna kitu, Jumanne mmoja. Nikamuuliza kulikuwa na msiba? Akanionyesha mkono wa kulia. Shina la kidole gumba lilikuwa limevimba, na kukamua taulo lilikuwa limekuwa shughuli ya kuomba msaada kwa jirani.

Kazi hii inakula vidole, viwiko vya mkono na kiuno cha anayeifanya. Pale Sinza kulikuwa na kitanda cha kudumu cha kimo kilichomfaa. Kile cha kukunja alikiacha kama kilivyotoka dukani, kifupi, akawa anainama saa nzima, na mtu akiinama uzito wa mwili hauteremki vizuri, kwa hiyo anafidia kwa vidole. Kanuni aliyofundishwa na yule dada wa makofi ni rahisi: simama wima, ning'iniza mikono, kitanda kiishie pale vifundo vya ngumi vinapofika. Kisha kanda kwa kigasha, kwa kiwiko, kwa ngumi iliyolala. Kidole gumba kiwe cha sehemu ndogo tu. Alikuwa anajua yote. Aliacha kwa sababu mteja wa nyumbani akisema "ongeza nguvu, mwanangu", njia ya haraka ni kidole.

Tukakubaliana saa nne za kukanda kwa siku ndizo mwisho, na siku zisizidi tano kwa wiki. Hapa ndipo biashara yake ilipobadilika kweli. Bei sasa ikapangwa kuanzia kwenye mikono: hizi ndizo saa zilizopo kwa mwezi, hazinunuliki nyingine, na kila moja inayopotea barabarani imeuzwa bure. Kijana wa miaka 22 haoni haraka ya kufikiri hivyo, kwa kuwa mwili bado unasamehe. Yule dada wa Zanzibar aliacha kukanda akiwa na umri ambao wenzake wa kazi za ofisini walikuwa bado wanasubiri kupandishwa cheo.

Wanawake tu

Ujumbe wa aina hii ulikuwa unaingia kwenye simu yake karibu kila siku: "Mambo dada, unafanya na ile nyingine?" au "Bei gani mpaka mwisho?" Wengine hawaandiki, wanauliza akishafika na kitanda kimeshakunjuliwa. Mara moja, mwezi mwingine, alitoka nyumba ya Mbezi akakimbia bila viatu, kitanda akakifuata kesho yake na mlinzi wa getini. Hili hakulisema mwanzoni. Lilitoka tulipouliza kwa nini kuna usafiri wa Mbezi mara mbili na malipo hakuna.

Alikuwa akipokea wanaume kwa sababu aliamini akiwaacha atapoteza nusu ya soko. Daftari lilisema vingine: kati ya wale 31, wanaume walikuwa 8, na safari zote mbili za bure zilikuwa za kwao. Akaandika kwenye tangazo "wanawake tu", akaondoa picha za migongo iliyopakwa mafuta, akaweka za taulo, majagi na maua.

Kilichotokea hakukitarajia. Nyumba za kina mama wa Kiislamu wa Ilala na Magomeni, ambazo zisingemfungulia mkandaji anayekwenda leo kwa mwanamke kesho kwa mwanaume, zilianza kumwita. Na huko mteja hawi mmoja. Anakandwa mama, kisha wifi aliyekuja kutembea, kisha bibi anataka miguu tu. Wateja watatu kwa bajaji moja.

Kulikuwa na jambo la umri pia. Kwa kina mama hawa yeye ni mtoto. Anaingia na shikamoo, anapewa chai, anaulizwa kwao wapi na ameolewa lini. Halafu baada ya dakika kumi inabidi amwambie mtu wa rika la mama yake alale kifudifudi, avue, asiongee na simu. Alikuwa anashindwa, na masaji ya saa moja yalikuwa yanakwenda saa moja na robo, bei ileile. Alichojifunza ni kuyasema yote kwa simu kabla hajaondoka nyumbani: "Mama, nikifika nitahitaji chumba chenye mlango, maji ya moto, na simu tuiache sebuleni." Kwa simu umri hauonekani sana.

Wazazi na maharusi

Kina mama wa Magomeni ndio waliomuuliza kama anakanda wazazi. Kwa desturi zetu aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto ndani ya arobaini yake, na anayekanda ni bibi, mama mkwe au mwanamke wa mtaani anayejulikana kwa kazi hiyo. Ni kazi ya siku nyingi mfululizo kwenye nyumba moja, mteja hana pa kwenda, na anayelipa ni mume. Kwa mtu anayekimbia gharama za barabara hii ni riziki iliyokuwa imelala tu.

Ina ugumu wake. Maji ya moto sana yameunguza wazazi wengi, na wakunga wanalisema hilo kila siku kliniki. Tumbo lenye mshono wa upasuaji halikandwi. Yeye aliamua hatumii maji ya kuchoma, habonyezi tumbo, anafanya mgongo, mabega na mikono kwa mafuta ya uvuguvugu, na kwa aliyefanyiwa upasuaji anasubiri mpaka kliniki imruhusu. Bibi mmoja alimtazama akimaliza akasema, "Huku ndiko kukanda? Hata jasho hujatoka." Mume akapunguza siku kutoka saba hadi tatu. Huyo alimpoteza, lakini mzazi mwenyewe ndiye aliyempa namba ya mdogo wake.

Upande wa maharusi ulikuwa rahisi zaidi na wenye pesa zaidi. Kusingwa kwa bi harusi ni jambo la pwani nzima, na singo yenyewe inajulikana: asumini, mlangilangi, waridi, mrihani, liwa, vinasagwa na kupakwa mwilini. Alikwenda kwa somo mmoja wa Magomeni, mwanamke anayefunda maharusi, akajifunza kwa adabu zake zote, akakubali pia kugawana naye malipo ya harusi tatu za kwanza. Singo ni kusugua kwa kiganja, haibonyezi. Mikono inapumzika huku inalipwa. Akaiuza kwa siku tatu: siku ya kwanza waksi na kucha, ya pili na ya tatu singo na masaji mepesi. Anaanza baada ya kupokea nusu. Pesa za harusi ukizisubiri baada ya harusi utaambiwa kamati imeshavunjwa.

Kukataa

Mama mmoja wa Mikocheni, ametoka Mwanza kwa basi siku mbili nyuma, alimwita kwa maumivu ya mguu. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba kuliko la kulia, lina joto, na akiligusa mama anaruka. Binti akafunga mafuta yake. "Mama, hapa sitapakanda. Naomba twende hospitali kwanza." Mguu mmoja ukivimba namna hiyo baada ya kukaa safari ndefu, au baada ya kujifungua au upasuaji, kuna hofu ya damu iliyoganda kwenye mshipa, na kuikanda kunaweza kuisukuma ikafika kwenye mapafu. Mama alikasirika, akasema ameita mkandaji, hajaita daktari, na nauli hakumlipa. Hakupiga simu tena, na kilichotokea baadaye hakijulikani.

Kwa hesabu ya daftari ni hasara ya 14,000. Mimi naihesabu kuwa kazi bora kuliko zote zilizomo kwenye daftari, na ndiyo maana nilimbana aandike karatasi ya maswali ya afya: mimba, presha, kisukari, upasuaji, vidonda, mzio. Mpaka leo anauliza kwa mdomo tu. Hapo hatujaelewana.

Kukataa kwa pili kulikuwa kwa mkorogo, yaani krimu za kujichubua ngozi. Wateja wa skrabu wanataka kung'aa, na kuna waliomletea makopo yao wenyewe awapakie. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, shirika la viwango. Sheria kando, yeye ndiye anayeshika hiyo krimu kwa mikono mitupu, wateja watatu kwa siku. Alipoambiwa hivyo hakuhitaji maelezo mengine.

Karatasi

Jina la biashara alisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na 20,000. TIN, namba ya mlipa kodi, haina malipo. Alikuwa akiamini kwamba biashara ya kwenye begi haihusiki na TRA, lakini msamaha wa mfanyabiashara mdogo unaishia kwenye mauzo ya 4,000,000 kwa mwaka, na yeye alikuwa anauza zaidi ya milioni kwa mwezi. Kodi ya daraja lake inakadiriwa kwenye mauzo, si kwenye kilichobaki. Kwa hiyo "usafiri juu yetu" ilikuwa inamgharimu mara mbili: anamlipa dereva, halafu pesa hiyohiyo ya dereva inahesabiwa kama mauzo yake.

Mwezi uliofuata

Mpangilio mpya ulikuwa hivi. Jumanne ni upande wa Masaki na Mikocheni, Alhamisi ni Ilala na Magomeni, na anayetaka siku nyingine anasubiri. Bei 50,000, usafiri 5,000 pembeni, malipo ya awali 15,000 kwa lipa namba au safari haipo. Ijumaa na Jumamosi anakodi chumba cha nyuma kwenye saluni ya kike Tabata kwa 20,000 kwa siku, na hapo bei ni 35,000. Siku za wazazi na maharusi zinaingia zilipobaki nafasi.

Kupandisha bei kuliwaondoa watu. Mwezi wa kwanza, tukiacha wazazi na maharusi, alikanda wateja 25 tu: 13 majumbani, 12 saluni. Mauzo 1,135,000. Bajaji za safari nane 136,000, chumba 160,000, vifaa 75,000, bando na tangazo 45,000. Zikabaki 719,000. Ukizipima na zile 669,000 za Sinza utaona ongezeko ni la shilingi 50,000 tu, na kuna atakayesema haikuwa na haja ya kuhangaika. Tofauti iko kwenye idadi: Sinza alikanda watu 50 kuzipata, hapa 25. Kidole kilishuka uvimbe. Upatu ulilipwa tarehe yake. Zile 800,000 za watu alizitenga kwenye akaunti ambayo haina kadi.

Sasa hivi simu zimezidi saa alizonazo, na anaongea na mwenzake wa zamani wa Sinza aje wafanye wote. Amempendekezea hamsini kwa hamsini, mafuta na usafiri yeye. Mwenzake anasema mia kwa mia ya wateja wake mwenyewe, hamsini kwa wa kupewa. Hapo linakuja swali ambalo yeye mwenyewe alimwachia bosi wake alipoondoka na namba za wateja kwenye simu: mteja ni wa nani? Wamekubaliana kuwa simu ya biashara inakaa kwa mwenye jina la biashara, na miadi yote inapitia humo. Karatasi ya makubaliano ya ukurasa mmoja imeshaandikwa, na mwenyekiti wa mtaa ameombwa awe shahidi. Kinachobishaniwa bado ni Jumamosi, maana kila mmoja anaitaka.